Dopamini haifanyi kazi peke yake: kemikali zinazoiamuru ndani ya ubongo

Siku hizi neno dopamini linasikika redioni na katika mazungumzo ya vijana. Wengi wanaiita «kemikali ya furaha». Jina hilo linapoteza watu kidogo, kwa sababu linafanya tufikiri kwamba dopamini inajimwaga yenyewe kila tunapofurahi. Kumbe kuna kemikali nyingine zinazoiamuru itoke au ibaki.

Ubongo wa mtu una seli za neva karibu bilioni 86. Kati ya seli na seli kuna nafasi nyembamba sana. Seli ikitaka kusema na jirani yake, inamwaga kemikali katika nafasi hiyo, na jirani anaipokea kwa vipokezi vyake. Kemikali hizi za ujumbe wanasayansi wanaziita nyurotransmita. Dopamini ni moja yao. Mswidi Arvid Carlsson ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba ni mjumbe halisi wa ubongo, na mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel. Seli zinazoitengeneza ni chache, hazifiki hata milioni moja, na nyingi ziko katika ubongo wa kati.

Kazi yake ni zaidi ya kufurahisha. Wolfram Schultz aliwachunguza nyani waliopewa maji ya matunda. Mwanzoni seli za dopamini ziliamka maji yalipofika bila kutazamiwa. Nyani walipozoea kwamba ishara fulani hutangulia maji, seli ziliamka kwa ile ishara, si kwa maji tena. Na maji yasipokuja, zilinyamaza. Kwa hiyo dopamini hufundisha ubongo nini cha kutazamia na nini cha kutafuta tena.

Sasa, nani anaziamsha seli hizo? Fikiri juu ya pikipiki. Glutamati ndiyo mafuta: ikifika, seli ya dopamini inaongeza mwendo. Gaba ndiyo breki, na breki hiyo imekanyagwa karibu wakati wote. Asetilikolini pia inasukuma mbele. Nikotini ya tumbaku inaingia katika vipokezi vyake, na ndiyo sababu sigara hushika watu hivyo. Serotonini ni ngumu zaidi kueleza, maana kwa kipokezi kimoja inaongeza dopamini na kwa kingine inaipunguza.

Halafu kuna endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea. Hii inanyamazisha seli za gaba, yaani inaondoa mguu kwenye breki, na dopamini inamwagika. Morfini na heroini zinapita njia hiyohiyo. Kokeini ni tofauti: inazuia dopamini iliyokwisha kumwagwa isirudishwe ndani ya seli.

Pombe, iwe bia, kasiksi au kanyanga, inagusa karibu wote hawa. Inaongeza nguvu ya gaba, inazuia glutamati, na kupitia endofini inaongeza dopamini. Mtu akinywa sana kila siku kwa miaka, ubongo unajitetea: unadhoofisha breki zake na kuongeza vipokezi vya glutamati. Hapo hanywi tena kwa kutafuta raha, anakunywa ili mwili utulie.

Hapa ndipo makanisa yetu yanapaswa kuwa macho. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla, kwa mfano siku anapoingia katika maombi ya kufunga, breki ni dhaifu na mafuta yamejaa. Ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kuanguka na degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine wanaona vitu visivyokuwepo, wanapiga kelele, hawatambui watu wao. Walio karibu wanaweza kusema ni pepo na kumfungia ndani. Ni ugonjwa, na unaweza kuua. Wakati huohuo dopamini imeshuka, hivyo hakuna chakula wala wimbo unaomvutia, na hamu ya kurudia chupa inakuwa kubwa.

Kuacha ni vizuri, ila aliyekunywa hivyo aende kwanza kwenye kituo cha afya. Dawa kama diazepamu inasaidia gaba mpaka ubongo urudi mahali pake, kisha inapunguzwa kidogo kidogo. Anapewa pia vitamini B1, kwa kuwa wanywaji wengi wanaikosa. Wanaomsindikiza wamwambie muuguzi ukweli bila haya: amekunywa miaka mingapi, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.