Mjomba, Wakili na Mkorosho

Anayedhani kwamba watu wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, walianza kusemewa katika mashauri ya talaka siku mawakili walipopanda kutoka Mtwara amekosea mlango. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo ulifuatwa kwa mama, na kwa kawaida mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Ndoa ikiyumba, mjomba wa mke aliketi na wakubwa wa upande wa mume. Wanandoa walisikilizwa, lakini wakubwa ndio waliokata neno. Ikivunjika, mume alifunga virago, watoto wakabaki kwa ukoo wa mama. Swali linalotesa mahakama za leo, mtoto akae na nani, lilikuwa na jibu kabla ya kuulizwa. Mwingereza naye, alipounda mahakama za wenyeji miaka ya 1920, aliwafungia mawakili nje. Mjomba hakupata mshindani.

Kilichomtikisa ni mti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mikorosho ilienea sana huku, na mkorosho si mhogo: huzaa kwa miongo ya miaka. Mwanamume aliyeipanda kwenye ardhi ya ukoo wa mke angefungaje virago, ilhali jasho lake limeota mizizi? Hapo mjomba alipungukiwa na sifa ya uwakili. Ufasaha alikuwa nao, lakini sasa alikuwa mdai wa kimyakimya, kwa kuwa shamba likibaki kwa mpwa wake limebaki kwa ukoo.

Wapo watakaosema hakuwa wakili hata mwanzoni, maana aliutetea ukoo, hakumtetea mwanamke. Hoja hiyo ina uzito: mke aliyetaka kuachana huku mjomba akitaka ndoa idumu hakuwa na wa kumsemea. Ila sheria iliyofuata ilimpa haki kabla ya kumpa msemaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitaka wanandoa wapite kwanza baraza la usuluhishi, ikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Lakini Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu zaidi na mwanakijiji, ilibaki marufuku kwa mawakili mpaka marekebisho ya karibuni yalipowaruhusu mbele ya hakimu mkazi. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na sheria ya 2017, huelekeza njia tu; hawasimami mahakamani kumsemea mtu.

Kwa hiyo mke alieleza mwenyewe ni mikorosho mingapi iliyopaliliwa kwa jembe lake, isipokuwa alipokumbuka kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Katika shauri la madai, kifungu hicho kinairuhusu Mahakama ya Mwanzo kumkubali ndugu wa mhusika, au mtu wa nyumbani mwake, asimame kwa niaba yake, mhusika mwenyewe akiomba. Mjomba hakutajwa humo, wala hakukatazwa.