Kura ya Dandora na wapangaji wa Komarock: nyumba nafuu zilivyowapita waliojengewa

Mei 20, 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza katika mradi wa Mukuru, Nairobi. Mradi huo ukikamilika unatarajiwa kuwa na nyumba 13,248. Tangu siku hiyo swali moja halijatulia Eastlands, na Komarock ni mojawapo ya mitaa linakosikika zaidi: mtu wa kipato kidogo afanye nini apate nyumba ya serikali ya kupanga kwa kodi anayoiweza?

Jibu la sasa ni kwamba nyumba ya kupanga haimo katika mpango huo. Anayepewa chumba kimoja Mukuru, kwa malipo ya kuanzia shilingi 3,900 kwa mwezi, anainunua polepole kwa miaka mingi. Nyumba za umma za kupangisha, zile ambazo Baraza la Jiji lilikuwa likijenga na kukusanya kodi yake, ziliachwa kujengwa muda mrefu uliopita. Ili kuelewa zilivyoachwa, hatuna budi kurudi Dandora, upande wa pili wa Barabara ya Kangundo kutoka Komarock, katikati ya miaka ya 1970.

Yaliyotangulia yanajulikana. Pumwani ilianzishwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kikavunjwa na watu wake wakaelekezwa Shauri Moyo. Ziwani na Kaloleni zikafuata, kisha miaka ya 1950 zikaja Bahati na mitaa inayobeba majina ya Ofafa na Mbotela, madiwani waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Nyingi za nyumba za mwanzo zilikuwa vitanda tu kwa wanaume wasio na familia mjini, hadi Kamati ya Carpenter ilipopendekeza mwaka 1954 mshahara unaotosha mfanyakazi kuishi na mke na watoto. Baada ya Uhuru mitaa hiyo ilibaki mikononi mwa Baraza. Aliyetaka nyumba alijaza fomu, akaingia kwenye orodha, akangoja. Wengi walingoja bila kupata. Waliofanikiwa waliachia watoto wao, na wengine wakapangisha mtu mwingine huku kitabu cha kodi kikiwa na jina la zamani.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 jiji lilikuwa likifurika na Baraza halikuweza kujenga kwa kasi ya wahamiaji. Ndipo Benki ya Dunia, iliyokuwa imeanza mkopo wake wa kwanza wa miji nchini Senegal mwaka 1972, ikaja na wazo jipya: serikali itayarishe ploti zenye maji, barabara, maji taka na kijichumba cha choo na bafu, kisha mwenyewe ajenge vyumba kadiri anavyopata pesa. Mkopo wa Dandora ukatiwa saini mwaka 1975. Ploti zilikuwa 6,000.

Mwandishi yeyote wa mambo ya nyumba Nairobi hukutana na utafiti wa Frederick na Nelle Temple, uliochapishwa mwaka 1980, kuhusu siasa za nyumba za umma katika jiji hili. Nimeutegemea hapa, pamoja na tathmini za kampuni ya Senga, Ndeti iliyofuatilia mradi wa Dandora tangu hatua zake za mwanzo. Wote wanaweka uzito mahali pamoja, nami naona wako sahihi: tatizo la nyumba za umma Nairobi lilikuwa kwamba wenye uwezo zaidi ndio waliofika kwanza.

Ugomvi wa Dandora ulianzia kwenye viwango. Madiwani na maofisa wa Baraza waliona aibu kujenga kitu kilichofanana na mtaa wa mabanda. Walitaka nyumba kamili, za mawe, ambazo mgeni akipita hatazidharau. Benki ilisisitiza kwamba nyumba kamili ingekuwa ghali mno kwa mtu wa mshahara mdogo, na kwamba ploti yenye msingi tu ndiyo angeimudu. Kanuni za ujenzi za jiji zilikuwa za hali ya juu kupita mfuko wa mwananchi wa kawaida, na kwa mradi huu ilibidi zilegezwe. Ikaundwa idara maalumu ya kusimamia kazi, Idara ya Maendeleo ya Nyumba, na kuundwa kwake kukawaudhi waliokuwa wakishughulikia nyumba za kupangisha katika idara ya zamani. Miaka ikaenda katika mabishano ya aina hiyo, huku bei ya saruji na mbao ikipanda.

Nadhani lazima tuwaelewe madiwani hao pia. Walikuwa kizazi kilichoishi chini ya ukoloni ulioamini kuwa Mwafrika anatosheka na kitanda na bomba la nje. Kwao, kumpa raia wa Kenya huru choo na ukuta mtupu kulionekana kama kurudi nyuma. Kosa lao ni kwamba kila walipopandisha kiwango, walipandisha pia mstari wa kipato cha atakayeingia, na aliye chini kabisa ndiye aliyeanguka nje.

Masharti ya kuomba ploti yalikuwa wazi na, kwa karatasi, ya haki. Mwombaji awe na kipato cha kati ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi. Awe ameishi Nairobi miaka miwili. Asiwe na nyumba au ploti nyingine jijini. Akubali kuhamia hapo na familia yake. Waliokidhi masharti waliingizwa kwenye kura, maana waombaji walizidi ploti kwa mbali. Kwa familia nyingi za Eastlands hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa serikali kuwauliza wanapata kiasi gani kwa lengo la kuwapa makao.

Masharti hayo yalimpata mtu siku ya kura. Siku ya kujenga ilikuwa habari tofauti. Aliyeshinda kwa shilingi 300 kwa mwezi alipewa mkopo wa vifaa, lakini haukutosha nyumba nzima, na mafundi walitaka kulipwa taslimu. Wengine walikusanyika katika vikundi vya ujenzi, wakichangishana kila mwezi na kumjengea mmoja baada ya mwingine. Hadithi hiyo ya vikundi, ambavyo vingi viliendeshwa na wanawake, ndiyo sehemu ya Dandora ninayoona inastahili kufundishwa shuleni. Waliokosa kikundi walipata njia nyepesi zaidi: walijenga vyumba viwili au vitatu, wakapangisha, na kodi ikalipa deni la mkopo. Wapo waliokodisha ploti yote na wenyewe wakaendelea kuishi walikokuwa. Wapo waliouza kimyakimya kwa mwenye fedha, ingawa masharti yalikataza. Tathmini zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye ploti walikuwa wenye nyumba za kupangisha, na kwamba wapangaji walikuwa wengi kuliko familia zilizokusudiwa kuishi pale.

Kwa hiyo Dandora ilileta vyumba vingi vya kupanga, na kwa hilo ilisaidia jiji. Kodi ya vyumba hivyo, hata hivyo, iliamuliwa na mwenye ploti, si na mradi. Ruzuku ya umma ilikwisha mlangoni mwa aliyeshinda kura. Aliyekuwa chini yake, mpangaji wa chumba cha nyuma, hakuguswa na hata senti moja ya ruzuku hiyo.

Mtaa wa Umoja, uliojengwa miaka hiyo hiyo kwa msaada wa mkopo wa Marekani, ulifuata mkondo huo. Nyumba ndogo zenye nafasi ya kuongezwa zilikusudiwa watu wa kipato cha chini, zikaishia kwa tabaka la kati, na leo maghorofa ya kupangisha yamefunika nyingi kati yake. Buruburu, iliyojengwa kuanzia 1973, haikuwa na kisingizio chochote: ilikuwa ya wenye mishahara inayotosha rehani, na iliitwa hivyo tangu mwanzo.

Komarock ilikuja baadaye. Ilijengwa na Kenya Building Society, kampuni tanzu ya Housing Finance, awamu baada ya awamu, nayo ikawauzia watu kwa mkopo wa rehani. Wengi waliohamia hapo walikuwa watumishi wa umma, walimu na makarani, watu ambao Baraza lingewaweka katika mitaa yake ya Maringo au Jericho kizazi kimoja kabla yao. Kisha ikaja miaka ya 1990, riba za mikopo zikapanda kupita asilimia 20, na familia zilizohesabu bajeti zao kwa riba ya awali zikajikuta zikipigania nyumba zao. Waliosalimika waliongeza vyumba uani au juu ya dari, wakavipangisha. Leo mgeni anayetafuta makao Komarock, awamu yoyote, hukutana na bedsita na vyumba vya nyuma vinavyosimamiwa na agenti anayedai amana na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya ufunguo. Kuna sheria ya kudhibiti kodi na mahakama yake, ila inagusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na wapangaji wa Komarock wanaonufaika nayo ni wachache.

Kwa upande wa serikali, miaka iliyofuata ile ya 1990 ilikuwa ya miradi michache. Mpango wa kuboresha makazi duni ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano na UN-Habitat, Kibera Soweto Mashariki ikapata nyumba 822 mwaka 2016. Kisha ikaja tovuti ya Boma Yangu ya kujiandikishia nyumba, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara mwaka 2023, kesi mahakamani, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024.

Sheria hiyo inawagawa Wakenya kwa kipato: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, na kutoka hapo hadi 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu. Kujiandikisha ni rahisi kuliko fomu ya zamani ya Baraza. Unahitaji kitambulisho, namba ya KRA na simu. Unachagua mradi, unaweka akiba ya amana, unangoja mgao. Mama anayeuza mboga Kayole, ambaye hana hati ya mshahara, anaweza kujiandikisha pia, na hilo ni jambo la kupongezwa. Linalonitia wasiwasi ni lile lile la 1975. Hakuna anayetuambia mwenye nyumba atakaposhindwa kulipa ni nani atakayechukua nafasi yake, wala akiipangisha nyumba ni nani atakayejua.

Kwa hiyo Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu ichapishe, kwa kila mradi, ni waombaji wangapi wa kila kundi la kipato waliopata nyumba, na irudi kukagua baada ya miaka mitano nani anaishi humo. Itenge pia sehemu ya nyumba zibaki mali ya umma za kupangisha moja kwa moja, kwa mtu ambaye hatawahi kuweka amana. Wakenya wanaotoa asilimia 1.5 kila mwezi wana haki ya kuona takwimu hizo. Nawe msomaji, ukijiandikisha, tumia jina lako mwenyewe na kitambulisho chako, na usimlipe mtu yeyote anayedai kukuharakishia mgao.