Treni ya Uvira na Kamanyola: reli iliyosahaulika ambayo mtoto anaweza kuijenga kwa makopo

Lemera, Kivu Kusini. Katika vijiji vya Bafuliiru, na siku hizi katika kambi na nyumba za familia zilizowapokea waliokimbia vita, watoto wanatengeneza magari. Waya uliookotwa unakuwa fremu, kopo la sardini linakuwa sanduku la mizigo, na kandambili iliyochakaa inakatwa magurudumu manne. Ukiyatazama vizuri unajua ni gari gani. Hili ni Fuso ya soko. Lile ni jipu la wanajeshi. Lile jingine ni gari la shirika la misaada, na antena yake imewekwa mahali pake. Mtoto hutengeneza anachokiona.

Ndiyo sababu hakuna mtoto anayetengeneza treni. Hajaiona. Wazazi wake hawakuiona. Lakini treni ilipita hapa, chini ya milima ya Lemera, katika uwanda wa Ruzizi wenye Kiliba, Sange, Luberizi, Bwegera na Luvungi, vijiji ambavyo leo wengi wanavitaja wakieleza walikotoka.

Reli hiyo iliunganisha Uvira na Kamanyola kwa urefu wa kilomita 94. Ilikuwa mali ya kampuni ya wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Chemins de fer du Kivu, iliyojulikana kwa kifupi kama CEFAKI. Ilianza kazi mwaka 1931 na kufungwa mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati treni ya mwisho ilipopita, leo anakaribia miaka 80.

Ilijengwa kwa sababu ya maziwa mawili. Mizigo ya Kivu ilihitaji kufika ziwa Tanganyika, ambako meli ziliipeleka Kalemie, wakati huo Albertville, au Kigoma. Kutoka huko reli nyingine ziliendelea hadi bahari au ndani ya Kongo. Shabaha ilikuwa kuunganisha ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Lakini ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika karibu mita 770. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ya mita 700 hivi iko baada ya Kamanyola, mahali uwanda unapokwisha na mto Ruzizi unapoteremka kwa nguvu kati ya milima.

Treni ni hodari kwenye tambarare, lakini mlima unaishinda haraka. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Mpando wa mita 25 katika kila mita 1,000 tayari ni kazi kubwa kwa kichwa cha treni kinachovuta mabehewa yaliyojaa, wakati lori hupanda mlima mkali zaidi ya huo. Kwa hiyo reli iliishia Kamanyola, na mizigo iliendelea na barabara ya Ngomo kuelekea Bukavu, wakati huo Costermansville. Reli ya Uvira ilibaki kipande cha safari. Baadaye barabara na malori vilichukua hata kipande hicho.

Ndugu zake wakubwa walikuwa ng'ambo na kusini. Ng'ambo, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Kusini, kampuni ya CFL ilifikisha reli yake ziwani Kalemie mwaka 1915, ikitokea Kabalo kwenye mto Lualaba. Zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja kati ya reli na reli. Katikati ya miaka ya 1950, reli ya Kalemie ilipanuliwa kutoka milimita 1,000 hadi milimita 1,067 ili iungane na reli za Katanga. Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya milimita 67, upana usiofika kiganja cha mtu mzima. Bila hiyo, behewa la Katanga lisingeweza kuingia Kalemie, na mizigo yote ingeshushwa na kupakiwa upya.

Mabehewa ya reli ya Kigoma yalibeba pia mzigo unaozigusa familia nyingi za hapa. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa ndani ya masanduku karibu 5,000. Masanduku yalifika Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni. Huko mafundi waliiunganisha tena, ikaingia majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ndiyo iliyowarudisha nchini wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Wengi waliolala kwenye sitaha yake hawakujua kwamba chuma walichokilalia kilifika ziwani juu ya mabehewa.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima ambao kazi yao ya jioni ni kutengeneza treni ndogo. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha Leipzig treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu, hata mnunuzi akaweza kuongeza kipande baada ya kipande. Tangu hapo mchezo ukawa ufundi wenye sheria. Sheria ya kwanza ni kipimo kimoja kwa kila kitu. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni 1 kwa 87: kila milimita 87 za kitu halisi zinakuwa milimita moja. Reli pana ya Ulaya, yenye milimita 1,435, inakuwa milimita 16.5. Reli ya mita moja, kama ile ya Kigoma, hutengenezewa njia ya milimita 12. Zile milimita 67 za Kalemie hazifiki hata milimita moja. Na kilomita 94 za kutoka Uvira hadi Kamanyola zinakuwa mita 1,080, safari ya dakika kumi na tano kwa mguu.

Sheria ya pili ni kwamba treni ndogo lazima iwe na mama yake, yaani treni halisi inayoigwa. Fundi hatengenezi treni ya kichwani. Anatafuta picha, michoro ya kiwandani, na ikiwezekana chuma chenyewe akipime. Nairobi inawezekana: kuna makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, na ndani yake kimesimama kichwa namba 5918, Mount Gelai, cha aina ya Garratt, kilichotengenezwa Uingereza miaka ya 1950 kwa reli ya Afrika Mashariki. Mtu anaweza kuweka mkono juu ya gurudumu lake na kuhesabu nati zake. Kwenye uwanda wa Ruzizi hakuna kichwa cha treni cha kupima. Kilichobaki ni wazee.

Bado treni ya Ruzizi inaweza kujengwa na mtoto asiye na pesa wala umeme. Kipimo rahisi ni 1 kwa 20, kwa sababu mita moja inakuwa sentimita 5. Kwa reli ya mita moja, nyaya mbili zinanyooshwa zikiachana sentimita 5, juu ya vijiti vinavyolala kama mataruma. Mtu mzima anakuwa sentimita 8 na nusu, na mlango wa mita mbili unakuwa sentimita 10. Kopo dogo la nyanya, lenye upana wa sentimita 5 hivi, linatosha kuwa tangi la mvuke. Kopo la maziwa ya unga ni kubwa mno, lingeonyesha tangi la mita mbili na zaidi. Ukubwa wa kila kipande unaamuliwa na kipimo, hata kama kopo kubwa linapendeza zaidi.

Mtoto akijenga hivyo atauliza maswali mazuri. Kwa nini bomba la moshi liko mbele na dereva yuko nyuma? Kwa sababu moto uko nyuma, karibu na anayeutia kuni au makaa, na moshi wake unapita ndani ya mabomba yanayochemsha maji kabla ya kutokea mbele. Kwa nini magurudumu yamefungwa pamoja kwa fito za chuma? Kwa sababu mvuke unasukuma fito, na fito inayageuza yote kwa pamoja ili nguvu isipotee kwa kuteleza. Kwa nini kituo kinahitaji tangi la maji? Kwa sababu treni ya mvuke hunywa maji njia nzima.

Kuna maswali mengine ambayo kitabu cha ufundi hakiyajibu. Treni ilisimama wapi kati ya Sange na Luvungi? Mabehewa yalikuwa na paa au yalikuwa wazi? Yalipakia nini, na pamba iliyolimwa kwa amri ya mkoloni ililipwa bei gani kituoni? Nani alibeba mawe ya kutandika njia, na alikwenda kwa hiari yake? Nani aliruhusiwa kupanda, na alikaa wapi? Treni ndogo nzuri bila majibu hayo ni pambo tu.

Wanaojua sehemu ya majibu wanakaribia miaka 80 au wameipita. Baadhi wako Lemera, baadhi Uvira, wengine wamevuka Ruzizi hadi Burundi wakiwa na mkeka na sufuria. Walioondoka usiku hawakubeba picha za zamani. Walibeba kumbukumbu, na mzee akifia ugenini bila kuulizwa, kumbukumbu yake inazikwa huko.

Jambo hili si la jana peke yake. Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilianza mradi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, na mpango unasema siku moja ifike mashariki ya Kongo. Siku wapimaji watakapokuja kuuliza maji ya mvua hupita wapi uwandani na njia ya zamani ililala wapi, ingefaa wakute watu wenye majibu.

Kwa hiyo jioni, babu au bibi anapoketi nje ya hema au ya nyumba aliyopokelewa, mjukuu amsogelee na gari lake la waya na kumwuliza: treni ilikuwaje? Aulize idadi ya mabehewa, rangi, sauti na harufu. Kisha atafute kopo dogo la nyanya, apime sentimita 5, na aanze.