Miti Saba ya Kamukunji

Ukimtajia msee wa Eastlands Kamukunji, atakuambia Saba Saba ya 1990, ama mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kuanzia asubuhi. Lakini kuna saba nyingine iliyotangulia. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea kutoka KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba. Kila mti ulipewa jina la kuenziwa: Mekatilili, Ole Lenana, Nabongo Mumia, Gor Mahia (ndiyo, huyo huyo ambaye timu ilichukua jina lake) na wengine. Mradi wenyewe uliitwa Save the Land Harambee. Baadaye ndio ukawa Green Belt Movement.

Mimi lile jina la kwanza ndilo hunivutia. Lilitaja ardhi, halikutaja miti.

Tumezoea kusikia kwamba mti unavuta hewa ya kaboni na kuifungia kwenye mbao. Ni kweli, lakini udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ukijumlisha pamoja. Inafikaje huko chini? Majani yakianguka huoza juu juu, na sehemu kubwa hurudi hewani baada ya muda mfupi. Mizizi inafanya kazi tofauti. Mti hutengeneza sukari kwa jua, kisha hushusha sehemu yake mizizini. Nyingine huvuja kwenye udongo, na nyingine huliwa na kuvu wanaoishi na mizizi hiyo. Nyuzi za kuvu hushikanisha chembe za udongo ziwe vidonge vidogo. Mzizi mwembamba ukifa, mabaki yake tayari yako ndani, yameshikwa na mfinyanzi, na bakteria wanapata taabu kuyafikia. Ndiyo maana kaboni iliyopitia mizizini kwa kawaida hukaa udongoni muda mrefu kuliko ile ya majani.

Si hadithi tamu mwanzo hadi mwisho, lakini. Ile sukari inayovuja inaweza kuwaamsha bakteria waliokuwa wamelala njaa, waanze kula hata kaboni ya zamani. Kwa hivyo kupanda mti popote si sawa na kuweka pesa benki. Inategemea ni mti gani, na hasa ni udongo gani.

Na hapo Eastlands inaingia. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na wafanyakazi wake wakawekwa Muthurwa, kwenye zile landhies. Wazungu walichukua upande wa magharibi na kaskazini, mwinuko wenye udongo mwekundu wenye kina kirefu. Waafrika walisukumwa mashariki kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule wasee wa mjengo huita blak koton. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 haukuuvunja mgawanyiko huo. Watu huuona kama mambo ya nyumba na barabara tu. Mimi naona pia ulikuwa mgawanyo wa mizizi. Blak koton huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyufa hizo hukata mizizi midogo. Ule weusi wake nao unadanganya: haimaanishi una kaboni nyingi.

Huko juu Karura, hadithi ilikuwa nyingine. Injini za reli zilikula kuni, kwa hivyo serikali ya kikoloni ilipanda mikaratusi kuzunguka Nairobi ili moto usizime. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, kwa hivyo mizizi hubaki hai chini hata shina likiishia kwenye tanuri. Pembeni ilibaki mihugu na miti mingine ya kienyeji. Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia 1998 ilikuwa imejulikana kwamba vipande vyake vimegawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alienda pale na wenzake kupanda mti, wakavamiwa na genge la wanaume, akapigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Mwezi huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Watu wengi huhesabu miti iliyopona pale. Udongo uliopona nao hauna picha, kwa hivyo hakuna anayeuposti.

Kuna mahali Kenya ambapo watu wameingiza udongo kwenye hesabu: Gazi, Kwale. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni ya hekta 117 za mikoko, na pesa zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji kijijini. Kwenye tope la mikoko hakuna oksijeni ya kutosha, mizizi iliyokufa haiozi upesi, na kaboni nyingi ya msitu huo iko chini ya tope.

Nairobi sisi bado tunahesabu miche. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko tukapande. Sawa. Lakini wakati huo huo estates za zamani zinabomolewa kupisha maghorofa, Pangani imeshapita. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipangwa na nyumba za chini, viwanja vya wazi na miti. Mjengo wa ghorofa kwenye blak koton huanza kwa kuchimba udongo wote mweusi na kuubeba kwa lori, kisiki na mizizi ikiwa ndani. Kwenye makaratasi, miche mitatu ikipandwa badala ya mti mmoja mkubwa, ni faida ya miwili. Lori lile haliandikwi popote.