Kilichojificha kwenye alama ya kosa

Mwaka 1919 Jean Piaget, kijana wa Uswisi aliyepata udaktari wake kwa kuchunguza konokono, alihamia Paris. Huko daktari Théodore Simon akampa kazi isiyo na mvuto: akae na watoto wa shule ya msingi, awape maswali ya mantiki yaliyotungwa na Mwingereza Cyril Burt, kisha ahesabu wangapi wa kila umri wamepata na wangapi wamekosa. Basi. Simon mwenyewe alikuwa akiishi Rouen, kwa hiyo kijana hakuwa na msimamizi, naye akaanza kufanya asilotumwa. Mtoto akikosa, Piaget hakurukia swali linalofuata. Alimuuliza amefikaje hapo, akamwacha aseme, akauliza tena. Punde akagundua kwamba watoto hawakosi ovyo ovyo. Wa umri mmoja walikosa kwa njia zile zile, na kila njia ilikuwa na mantiki yake.

Kabla ya hapo kosa lilikuwa la kuhesabiwa tu. Tangu mwaka 1882 sheria ya Ufaransa ilimlazimisha kila mtoto kusoma, na madarasa yakajaa watoto ambao walimu hawakujua wawafanyeje. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua wanaohitaji kufundishwa kwa utaratibu wa pekee, na mwaka uliofuata Alfred Binet, mjumbe wa tume hiyo, akishirikiana na Simon, alitoa kipimo chenye mazoezi 30. La kwanza lilikuwa kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka. Binet alitaka aliyebaki nyuma asaidiwe, na katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwashambulia wanaodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Alifariki mwaka 1911, na Wamarekani wakakitumia kipimo chake kwa jambo lile lile alilolikataa. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikipanua mwaka 1916. Mwaka mmoja baadaye jeshi la Marekani likaanza kuwapima askari wake kwa mitihani ya ukoo huo, zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa wapimaji hawa, jibu lilikuwa limepatikana au limekosekana, na habari ikaishia hapo.

Piaget alihamia Geneva mwaka 1921 na maswali yake ya udadisi. Jaribio lake linalojulikana zaidi, alilolieleza pamoja na Alina Szeminska mwaka 1941 katika kitabu chao kuhusu namba, ni jepesi kiasi kwamba mzazi yeyote anaweza kulifanya mezani. Panga safu mbili za vitu zilizo sawa. Muulize mtoto wa miaka minne au mitano kama zinalingana, atakubali. Tawanya safu moja iwe ndefu, umuulize tena. Wengi husema sasa ile ndefu ina vingi zaidi. Piaget alilichukua jibu hilo kuwa dirisha: mtoto wa umri huo bado hajajua kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanywa. Wazo la hatua za ukuaji wa akili likatoka kwenye majaribio ya aina hiyo, likaenea vyuo vya ualimu, na ripoti ya Plowden ya mwaka 1967 kuhusu shule za msingi za Uingereza ikalitegemea sana. Mwalimu akaambiwa asubiri, mtoto awe tayari.

Sasa njooni Scotland, mwaka 1974. James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio lile lile kwa watoto 80 wa kati ya miaka minne na sita, wakabadilisha kitu kimoja. Mara hii aliyevuruga safu hakuwa mtu mzima. Kidoli cha dubu, ambacho watoto walikuwa wameshaambiwa ni mtundu, kilitoka kwenye boksi lake na kuparamia vitu mezani. Mtu mzima alipovuruga kwa makusudi, watoto 13 tu walisema idadi ni ile ile. Alipovuruga dubu, walikuwa 50.

Haiwezekani akili ikakua kiasi hicho ndani ya dakika chache. Kilichobadilika ni maana ya swali. Mtu mzima akipanga upya vitu mbele yako kwa makusudi, halafu akauliza tena kile alichouliza sasa hivi, mtoto mwenye adabu anaona wazi kuwa kuna jambo amelifanya ambalo anataka lisemwe. Mwaka huo huo wa 1974 Susan Rose na Marion Blank walionyesha kwamba ukiuliza mara moja tu, baada ya kuvuruga, watoto hukosa mara chache zaidi. Kwa aliyesoma katika shule zetu hili halihitaji maabara. Mwalimu akisema “una uhakika?” darasa zima huelewa kwamba jibu la kwanza silo, na mkono uliokuwa juu unashuka. Mimi naona Donaldson alimtendea Piaget kile Piaget alichomtendea Burt: alilichukua kosa, akauliza limetoka wapi, ila safari hii njia ikamrudisha kwa muulizaji.

Wengine walikuwa wamefika huko kwa njia nyingine. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Mradi huo ndio uliomfikisha mwanasaikolojia Michael Cole nchini Liberia mwaka 1964, kwa Wakpelle, ambao watoto wao walikuwa wakifeli hesabu. Yeye na John Gay waligundua kwamba watu hao waliokuwa wakidhaniwa hawajui vipimo waliwashinda Wamarekani wasomi katika kukadiria mchele ulio ndani ya chombo. Baadaye mwenzao Joseph Glick alimpa Mkpelle mmoja vitu 20 avipange kwa makundi. Kisu kikawekwa na chungwa, jembe na kiazi, kwa sababu ndivyo vinavyokwenda pamoja kazini. Mtafiti alipochoka akauliza: mjinga angepangaje? Vyakula vikaenda huku, zana kule, barabara kama kitabu kilivyotaka.

Ushahidi unaonikaa zaidi, hata hivyo, umetoka Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil. Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwaendea watoto watano wenye biashara ndogo mitaani, wa kati ya miaka 9 na 15, wakanunua kwao na kuuliza bei. Mmoja, mwenye miaka 12, alikuwa akiuza nazi kwa kruzeiro 35. Nne ni kiasi gani? Akapiga kwa mdomo: tatu ni 105, akaongeza 30, ikawa 135, akakumbuka kwamba moja ni 35, akamalizia: 140. Kabla ya wiki kuisha alipewa karatasi na penseli: 35 mara 4. Akaeleza huku akiandika kwamba nne mara tano ni ishirini, anabeba mbili. Mbili na tatu ni tano, mara nne ni ishirini. Akaandika 200.

Kosa lenyewe ni la mtu aliyefundishwa: alijumlisha alichobeba kabla ya kuzidisha. Yule muuza nazi asingemdai mteja 200 hata siku moja, lakini kwenye karatasi hapakuwa na nazi wala mteja. Kwa ujumla watoto hao walipata asilimia 98 ya maswali ya mtaani, asilimia 74 ya hesabu za mafumbo, na asilimia 37 ya zile za namba tupu. Makala yao ilichapishwa mwaka 1985. Watoto watano ni wachache, kweli. Lakini waliulizwa hesabu zile zile kwa njia tatu, na wao wenyewe ndio waliolinganishwa na wao wenyewe.

Kwetu utafiti wa namna hii ulifika ukiwa na sura mbili. Usenge, pwani ya Ziwa Victoria nchini Kenya, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo Mkenya Frederick Okatcha, waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za mitishamba. Matokeo ya mwaka 2001 yalikwenda kinyume na mazoea: waliojua zaidi dawa ndio waliopata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Maelezo ya watafiti ni kwamba familia huchagua ujuzi upi wa kumtilia mtoto mkazo, na saa za kujifunza mitishamba ni saa zisizotumika kwingine.

Sura ya pili ilikuwa vijiji vya Bagamoyo, na nyuma yake alikuwapo Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Vygotsky alitoa mfano wa watoto wawili wanaopata alama za mtoto wa miaka minane. Wakisaidiwa kidogo, mmoja anafikia maswali ya miaka tisa na mwingine ya miaka 12. Je, wako sawa? Timu ya Sternberg na Grigorenko, pamoja na Damaris Ngorosho wa Tanzania, ilichapisha mwaka 2002 kazi iliyofuata wazo hilo. Wanafunzi wa miaka 11 hadi 13 walipewa mtihani, wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja mbinu za kupanga kadi na kuuliza maswali ya kubaini jambo, kisha wakapimwa upya. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko mbele ukabadilika: waliofanya vibaya mara ya kwanza hawakuwa lazima wale wale wa mara ya pili. Na watafiti walipolinganisha na vipimo vingine vya uwezo na ufaulu, kwa sehemu kubwa ni alama za baada ya kufundishwa zilizoendana navyo vizuri zaidi.