Be yenye hamza: herufi ya Wafulani iliyozua mvutano kwenye intaneti

Zaidi ya miaka 10 imepita tangu Juni 2014, Unicode ilipotoa toleo la 7.0 la orodha yake, ile inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta. Wageni katika toleo hilo walikuwa 2,834. Mmoja wao alikuwa herufi be iliyobebeshwa hamza, ࢡ, namba U+08A1. Wafulani wanaoandika Kifulfulde kwa hati ya Kiarabu huitumia kwa ile b ambayo hewa huvutwa ndani wakati wa kuitamka. Waswahili nao huitamka b hiyo kila wasemapo "baba", ila hawajawahi kuiona haja ya kuitengea alama.

Hati ya Kiarabu iliingia kwenye kompyuta kwa hatua zinazojulikana. Kiwango cha ISO 8859-6 cha mwaka 1987 kiliwatosha Waarabu na kuwaacha nje wengine wote. Unicode ikafuata mwaka 1991, na kanuni yake ni kwamba herufi hupewa namba moja tu. Kuamua ikae na umbo la mwanzo wa neno, la kati, la mwisho au la kusimama peke yake ni kazi ya fonti.

Kasheshe ilianzia kwenye hamza. Alifu yenye hamza, أ, inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kwa namba yake moja, U+0623, au kwa alifu tupu ikifuatwa na hamza ya kuelea, U+0654. Unicode inazihesabu njia hizo kuwa kitu kimoja, na kompyuta huzisawazisha kabla ya kulinganisha maneno. Wahandisi waliotunga kanuni za majina ya tovuti yasiyo ya Kilatini waliutegemea usawazishaji huo. Waliamini kwamba ndani ya hati moja, maandishi yanayoonekana sawa yatasawazishwa yawe sawa.

Be ya Wafulani ikaivuruga imani hiyo. Ukiiandika kwa namba yake inakula baiti 3. Ukiweka be ya kawaida kisha hamza ya kuelea, unapata baiti 4. Machoni ni ileile, kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti, na hakuna kanuni ya kuyaunganisha. Tapeli angeweza kusajili jina linalofanana kabisa na la benki yako.

John Klensin, mkongwe wa kanuni za intaneti, alilieleza tatizo hilo kwa kirefu katika rasimu aliyoiwasilisha IETF, jukwaa la wahandisi wa mtandao. Januari 2015 IAB, bodi inayosimamia usanifu wa intaneti, ilitoa tamko lake: majina ya tovuti yasihamishiwe Unicode 7.0 mpaka suala hili lieleweke.

Unicode haikutikisika. Hoja yake ilikuwa kwamba hamza juu ya be ni sehemu ya mwili wa herufi, kama zilivyo nukta za te, na nukta hazitenganishwi na herufi yake. Tena halikuwa jambo jipya: ځ ya Kipashto, yenye hamza juu ya mwili wa he, ilikuwa orodhani tangu miaka ya mwanzo, nayo haigawanyiki. Na herufi ikishachapishwa, kanuni za uthabiti haziruhusu kuibadilishia mgawanyo wake. Kwa maneno mengine, ufa ulikuwapo miaka yote. Mfulani ndiye aliyewaonyesha.

Ndipo inapokera. Katika mabishano hayo yote lugha ya mamilioni ya watu, kuanzia Senegali hadi Sudani, ilitajwa kama mfano wa hatari, na mwalimu anayeandika Kifulfulde kule Adamawa hakuwa na kiti mezani.

Orodha ya herufi zinazoruhusiwa kwenye majina ya tovuti ilikwama kwa miaka. Mwaka 2020 ukawekwa utaratibu wa kukagua herufi mpya, na Machi 2022 waraka RFC 9233 ukaisogeza orodha hadi Unicode 12.0.

Kiswahili nacho, kikiandikwa kwa hati ya Kiarabu, kiliponea kwenye mgongo wa wengine. پ na چ zilikuwemo mapema kwa sababu ya Kiajemi na Kiurdu, na ڤ ikakutwa humo humo. Bahati hiyo isitulevye. Kibodi ya kawaida ya Kiarabu kwenye Windows haina پ, na miswada ya kale ina be moja inayobeba b, p na mb. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa alishughulikia suala la herufi za ziada kabla kompyuta haijazaliwa. Yahya Ali Omar na P. J. Frankl wakapendekeza mfumo kamili mwaka 1997. Kevin Donnelly akatengeneza programu huria, Andika!, ya kuchapa Kiswahili kwa hati hiyo.

Vyuo vyenye hazina ya miswada, Dar es Salaam na SOAS ya London vikiwemo, vikubaliane sasa ni namba ipi itumike kwa kila herufi, kabla kila mradi haujachapa kivyake na tenzi zetu zikawa hazitafutiki.