Kalenda ya Lennox-Boyd na Barabara ya Geita

Mzee anayepalilia pamba Mhunze, Usukumani, leo hana haja ya kumjua Alan Lennox-Boyd. Lakini kati ya mwaka 1954 na 1959, nani aketi barazani Tanganyika na uhuru wake uje lini yalikuwa mambo ya kuamuliwa mezani kwa Mwingereza huyo, Waziri wa Makoloni.

Alizaliwa 1904, akasoma Oxford, akaingia Bungeni 1931 kupitia chama cha Wahafidhina. Uwakili aliupata 1941, akiwa tayari mbunge wa miaka kumi. Nadhani ndiyo maana alibaki mwanasiasa kuliko mwanasheria.

Wakati wake Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwa na viti kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia, kumi kwa Wazungu. Waafrika walizidi milioni 8. Wazungu walikuwa kama 20,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeigomea. Septemba 1958 ukaja uchaguzi wa baraza hilo kwa kura tatu: unampigia Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ukimruka mmoja karatasi yako yote imeharibika. Kupiga kura kwenyewe kulitaka elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo.

Usukumani kulikuwa na kidonda kingine. Tangu 1954 TANU, chama cha kudai uhuru, ilinyimwa usajili wa matawi huko. Kisha serikali ikataka baraza la wilaya ya Geita liwe la rangi zote. Watu wakakataa. Katikati ya 1958 mamia wakatoka Geita kwenda Mwanza, wakapiga kambi kudai kusikilizwa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu.

Januari 1959, huko Chequers, Uingereza, Lennox-Boyd na magavana wa Afrika Mashariki wakapanga tarehe za uhuru: Tanganyika 1970 hivi, Kenya 1975. Miezi miwili baadaye wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo kambini Hola, Kenya, na waziri akaponea chupuchupu kupoteza wadhifa wake. Oktoba akaondoka. Mrithi wake, Iain Macleod, akaichana kalenda ile. Tanganyika ikawa huru tarehe 9 Desemba 1961.

Lennox-Boyd akaenda kuongoza Guinness, kampuni ya bia ya ukoo wa mkewe. Ulipofika mwaka 1970 alioukusudia, Watanzania walikuwa kwenye uchaguzi wao wa pili wa chama kimoja, naye alikuwa ameshakiacha hata kiti cha mkurugenzi mtendaji wa bia.